Shajara ya mradi: kutafuta mshono wa mkono usioachia kwenye mikoba ya ngozi

6 Januari 2024

Mkoba umerudi. Niliuuza Septemba kwa kijana wa bodaboda anayeleta samaki kutoka Majanji hadi hapa Busia mjini. Huwa anaufunga ubavuni mwa pikipiki, ndani kuna spana, pampu na mipira miwili ya akiba. Jana kautua barazani kwangu akasema, "Fundi, mkoba wako unacheka."

Na kweli ulikuwa unacheka. Mshono wa chini umeachia kutoka kona hadi katikati, ukiutikisa unaona spana zinachungulia. Ngozi yenyewe haina hata mkwaruzo wa kutaja. Mshono huo niliupiga kwa cherehani ya jirani yangu anayeshona sare za shule, kwa uzi wake wa kawaida, na siku hiyo nilijiona mjanja kwa sababu kazi iliisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo nimeamua kushona kwa mkono, na kabla ya kumshonea mkoba mwingine nitajaribu mishono tofauti nione upi unastahili. Nitaandika hapa kila hatua ikiisha, hasara ikiwemo. Bei ni za shilingi ya Uganda.

13 Januari

Vifaa vimekamilika. Ngozi ya mgongo iliyodabaghiwa kwa magome, futi 10 za mraba, 85,000. Ngozi ya tumbo futi 4, 16,000, nimeinunua kwa ajili ya mikanda kwa sababu ni rahisi (kumbukeni sentensi hii). Nyuzi aina tatu: uzi wa pamba 4,000, uzi wa nailoni wa kushonea nyavu 5,000, na uzi wa poliesta uliosokotwa na kupakwa nta, unene milimita 1, niliovuka kuununua Busia ya upande wa Kenya kwa shilingi 450 za kule, kama 11,000 za kwetu. Sindano 3,000, nta ya nyuki nusu kilo 8,000, gundi ya viatu 12,000.

Jiriwa la kubania ngozi nimelitengeneza mwenyewe: mabaki mawili ya mbao ya mvule, bolti moja ya 2,500, na vipande vya tyubu ya baiskeli mdomoni ili lisitie alama kwenye ngozi. Unalibana kati ya magoti, mikono yote miwili inabaki huru. Bila mikono miwili huru, mshono wa sindano mbili usiuanze.

20 Januari

Nimeshona vipande vitatu vya majaribio, kila kimoja sentimita 20.

Cha kwanza ni cha cherehani, ili nipate cha kulinganisha. Cha pili ni cha ndoano, kile chuma chenye mpini wa mbao ambacho mafundi viatu wanakichonga kwa spoki ya baiskeli: unatoboa, unanasa uzi chini, unauvuta juu ukiwa kitanzi, kisha kitanzi kinachofuata unakipitisha ndani ya kile cha kwanza. Cha tatu ni cha sindano mbili. Hapo unachukua uzi mmoja mrefu wenye sindano kila upande, na kila tundu linapitwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Mwishowe kila upande wa ngozi una mstari usio na nafasi, na uzi unaoonekana huku ndio unaozama tundu linalofuata na kutokea kule.

Kisha nikachukua wembe. Kila kipande nilikata uzi mahali pamoja tu, katikati, nikavuta.

Cha cherehani: nilikata uzi wa juu, na wa chini ukakosa cha kuushikilia. Hatua nne au tano (hatua ni uzi wa kutoka tundu moja hadi linalofuata) zililegea papo hapo, na kwa kuvuta kidogo zikazidi. Cha ndoano: sijawahi kuona kitu kinachotii namna ile. Unajua ule uzi wa mdomo wa gunia la sukari, ukipata ncha yake sahihi ukavuta unatoka wote, trrrr, gunia liko wazi? Ndivyo ilivyokuwa. Cha sindano mbili: nilikata, nikavuta, nikakunja ngozi, nikaivuta kwa koleo. Hatua moja ilikuwa wazi upande mmoja, upande wa pili uzi mwenzake ulikuwa palepale. Niliendelea kukata, tatu mfululizo, ndipo ngozi ikaanza kuachana kidogo.

Usiku huo nililala nikijua kazi imekwisha. Sindano mbili, basi.

27 Januari

Kazi haijaisha.

Nilishona mkanda wa bega kwa sindano mbili, upana sentimita 4, vipande viwili vimepandana sentimita 2 na mshono umekatiza mkanda kwa upana. Nikaufunga kwenye tawi la mwembe nikaning'iniza jerikeni la lita 20 lililojaa maji, yaani kilo 20 na ushee. Watoto wa jirani walijitolea kulisukuma kama bembea. Hawakufika mbali. Mkanda ulikatika, jerikeni likapasuka kona (10,000 nyingine), na mimi nikabaki nimeshika kipande cha ngozi ambacho mshono wake ulikuwa mzima kabisa. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Ngozi ndiyo iliyochanika, sambamba na matundu, kama tiketi inavyochanwa pale penye vitobo vyake.

Nilikaa nikahesabu. Matundu niliyatoboa kwa kitoboleo cha mkanda, kile kinachokata na kutoa kiduara, cha milimita 2. Nafasi kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine milimita 3, kwa sababu niliona mshono wa karibu karibu unapendeza. Matundu 11 mara milimita 2 ni milimita 22. Kwenye mkanda wa milimita 40 nimebakiza 18. Yaani kabla jerikeni halijafika, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakata zaidi ya nusu ya mkanda!

Halafu ile ngozi ya tumbo. Tumbo la ng'ombe linajaa na kupungua maisha yake yote, nyuzinyuzi zake zimelegea. Kabla haujachanika, mkanda ulikuwa umerefuka kwa kidole kizima. Ngozi ya tumbo ifanyie kazi ya mfuko wa ndani au kiraka. Mkanda ukate mgongoni, kwa kufuata urefu wa uti wa mgongo.

3 Februari

Marekebisho, kwa mpangilio wa umuhimu wake.

Tundu lisitolewe nyama. Fundi wa kuchomelea amenitengenezea patasi ya meno manne kutoka kwenye tupa kuukuu, 15,000. Kila jino ni bapa na ncha yake ina umbo la kashata, na limesimama mshazari. Linapasua ngozi bila kuondoa chochote, na ukishapitisha uzi ngozi inarudi kuubana. Na kwa kuwa mipasuko imelala mshazari, haitazamani ncha kwa ncha, kwa hiyo mpasuko mmoja haupati njia rahisi ya kuungana na jirani yake.

Nafasi ni milimita 5 kwenye mikanda na 4 kwenye mwili wa mkoba. Nimeacha kutamani mishono ya karibu.

Mshono uende na mzigo. Sasa vipande vya mkanda vinapandana sentimita 6, na napiga mistari miwili mirefu kwa kufuata urefu wa mkanda, milimita 4 kutoka ukingoni. Mstari wa kukatiza sipigi tena. Ncha ya ndani, pale panapobeba kishindo cha kwanza, naweka ribiti moja ya shaba (50 kwa 10,000).

Jerikeni jipya, mwembe uleule, watoto walewale. Walilisukuma mpaka wakachoka na kwenda kula. Niliuacha ukining'inia usiku kucha. Asubuhi nilipima: haujarefuka, na matundu hayajafunguka. Mama yangu aliuliza kama nimeacha kazi ya ngozi nikaanza kuuza maji.

10 Februari

Wiki ya makosa madogo ambayo kwa pamoja yamenila siku tatu.

La kwanza ni urefu wa uzi. Niliwahi kuambiwa kwamba uzi uwe mara tatu ya mshono. Nikashona ubavu wa mkoba wenye mshono wa sentimita 70, nikakata mita 2 na sentimita 30 nikijiona nimezidisha. Uzi uliisha nikiwa sentimita 38. Tatizo ni kwamba "mara tatu" haiulizi unene wa ngozi, na uzi hautembei juu tu, unazama pia. Kwa kila hatua, kila moja ya nyuzi mbili inatembea urefu wa hatua, kisha inapita unene wote. Ngozi yangu mbili zikiwekwa pamoja ni milimita 6, hatua ni milimita 4. Jumlisha upate 10, zidisha kwa nyuzi mbili upate 20, gawa kwa ile 4: mara tano ya mshono. Juu ya hapo ongeza kama sentimita 40 za kushikia sindano. Kwa ngozi ya milimita 3 jumla, hesabu hiyohiyo inakupa mara tatu na nusu, na nadhani huko ndiko ule ushauri ulikotoka.

Uzi ukikuishia njiani usifunge fundo. Rudi nyuma matundu matatu kwa sindano zote mbili, kata, kisha anza uzi mpya matundu matatu kabla ya pale ulipoachia. Fundo hubaki kama kipele, linasuguliwa, linakuwa la kwanza kufa.

La pili lilinichukua muda kulielewa. Hatua nyingine zilikataa kukaza, navuta lakini uzi umegoma. Nikafumua, nikakuta sindano ya pili imeuchoma uzi wa kwanza ndani ya tundu na kupita katikati yake. Uzi uliochomwa hautelezi, na nyuzi zake ndogo zimekatika. Sindano za dukani zina ncha kali za kushonea nguo. Ncha hizo nimezisugua kwenye jiwe la kunolea visu mpaka zikawa butu kama ya kiberiti. Patasi imeshatoboa, sindano kazi yake ni kupita tu. Tena, kabla ya kuingiza sindano ya pili, uvute kidogo uzi wa kwanza nyuma, ukae upande mmoja wa tundu. Na utaratibu usibadilike hata mara moja: mimi huanza na ya kushoto, kisha ya kulia inapita chini yake. Nilipobadilisha katikati nikiongea na mteja, mshono ulipinda palepale, hata leo naweza kukuonyesha sentensi niliyokuwa naisema.

La tatu ni nguvu. Kwenye kipande laini nilivuta kwa hasira, uzi ukazama kama waya unavyokata mche wa sabuni. Kaza mpaka ulale, kisha acha.

2 Machi

Kona ya chini ya mkoba imenishinda. Pale ukuta wa mbele, kitako na ubavu vinapokutana, mkono wa pili hauingii ndani. Nilijaribu kupitisha sindano kwa koleo, nikavunja sindano tatu na kujichoma kidole.

Nikaenda kwa mzee anayeshona viatu karibu na stendi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, alikuwa ndani ya kiatu cha mtu. Nikatoa mkoba wangu. Aliupapasa, akageuza, akaweka ukucha kwenye mshono.

"Huu wa pembeni mzuri. Sasa tatizo liko wapi?"

Nikamwonyesha kona, kisha, kwa ujuaji wangu, nikamwambia kwamba ndoano ingefika lakini mshono wa ndoano hauna nguvu, nimeupima kwa wembe.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Nionyeshe huo ulioupima."

Nilichukua ndoano yake nikashona hatua tano, kitanzi ndani ya kitanzi. Akazivuta zote kwa kidole kimoja. "Mwanangu, hivi ndivyo wanavyofunga gunia. Nani alikwambia kiatu kinashonwa hivi?"

Akanionyesha. Uzi unakaa ndani ya kiatu, mkono wa kushoto unaulisha bila kuona. Ndoano inashuka, inanasa, inapanda na kitanzi. Hapo, badala ya kukiacha kitanzi kingoje mwenzake, anapitisha ncha ya uzi wa pili, ule wa juu, ndani ya kitanzi, anavuta pande zote mbili kwa pamoja, *tap*, na pale nyuzi zinapokumbatiana pamezama katikati ya unene wa ngozi. Hakuna mnyororo juu. Ni nyuzi mbili zinazoshikana ndani ya kila tundu, kama cherehani inavyofanya, ila uzi ni mnene mara nne, umepakwa nta, na umekazwa na mkono unaohisi.

Nimekata kipande alichoshona mzee kwa wembe vilevile. Hatua ya kushoto na ya kulia zililegea kidogo, zikaishia hapo. Haufiki kwenye sindano mbili, lakini uko mbali kabisa na ule upuuzi niliouandika Januari 20. Ule sikuufuta, uendelee kunisuta.

Uamuzi: sindano mbili kila mahali mikono miwili inapofika. Kona na kitako, ndoano ya nyuzi mbili, ile ya mzee. Kwa kasi pia nimepima: sentimita 70 za sindano mbili zinanila saa nzima, kwa ndoano dakika 20. Mzee anafanya kwa nane.

23 Machi

Mvua zimeanza, na ndizo nilizokuwa nasubiri. Vipande vya nyuzi tatu vilikaa juu ya bati wiki tatu, jua na mvua.

Pamba imetoka mashindanoni. Niliipenda kwa sababu inakaa vizuri mkononi na nta inaingia, lakini imevimba, imeota ukungu mweusi, na ukiivuta inakatika bila kelele. Kwa begi la kanisani linalokaa kabatini, sawa.

Uzi wa nyavu haukatiki, na huku karibu na ziwa unapatikana kila kona. Shida yake ni kwamba nailoni inavutika, na ikiloa inavutika zaidi. Mshono nilioukaza vizuri sasa una ulegevu unaoweza kuingiza ukucha. Jua nalo linaila nailoni kuliko poliesta. Poliesta imebaki kama nilivyoiweka, rangi tu imefifia.

Nta nimeiweka kidogo hata kwenye poliesta iliyokuja na nta yake. Ukipaka nyingi, vumbi la Busia linaganda na mshono unageuka mstari wa tope. Ncha nazikata na kuziyeyusha kwa kiberiti cha gesi, nagusa mara moja, bila kukawia: nimeshaunguza ngozi mahali pawili.

Nilimwendea mzee jioni kumwambia matokeo. Ni Ramadhani, viatu vya Idd vimemjaa hadi magotini, akasema tuongee baada ya sikukuu.

30 Machi

Mkoba umekamilika na kijana ameuchukua. Mgongo kwa mwili na mikanda, poliesta, sindano mbili, ndoano kitakoni. Upande wa nje nimechonga mfereji mwembamba ili uzi ulale chini ya uso wa ngozi usisuguliwe. Kifaa cha kuchongea nimekifanya kwa ubavu wa mwavuli mbovu, ule uliokunjika kama mfereji wenyewe, nimeunoa ncha.

Mradi mzima umenigharimu 181,500, ikiwemo lile jerikeni. Vitu vya mkoba mmoja peke yake ni kama 42,000 na saa tano za mikono. Nimemuuzia 95,000 baada ya kumtolea thamani ya ule wa zamani.

11 Mei

Wiki sita. Kaja mwenyewe bila kuitwa, nikaogopa. Mkoba haujacheka. Alikuja kuonyesha upande wa ndani, ule unaolalia chuma cha pikipiki. Hapo sikuchonga mfereji, nilichonga upande unaoonekana tu, kwa ajili ya urembo. Mtetemo wa njia za vumbi umeusugua uzi, hatua nne mfululizo zimekatika kabisa, ncha zimesimama kama nywele.

Nikageuza upande wa nje: hatua zilezile nne, uzi mwenzake mzima. Nilipenyeza ncha ya kisu kati ya ngozi mbili, ikapita kwa shida. Kwa jinsi nilivyopima kwa wembe, sikuwa na imani na hatua nne mfululizo.

Nimefumua hatua nne na tatu zaidi kila upande, nikachonga mfereji nyuma, nikashona upya kwa kupandisha matundu matatu. Juu yake nimegandisha na kushona kiraka cha tyubu ya pikipiki, pana kama kiganja, kiwe ndicho kinachosuguliwa. Mkoba unaofuata utachongwa mfereji pande zote mbili.

Kiraka nimemtoza 3,000. Mshono sikumtoza.